Dawa Iliyoonjwa na Gopali

Daktari Animesh Bagchi alikuwa na tabia moja iliyonitia kinyaa kuliko choo chetu mwezi wa mvua. Kila akija nyumbani kwetu huvua viatu mlangoni, huinama, hugusa miguu ya kila ajuza, kisha hupeleka vidole kwenye paji la uso wake kama mtoto aliyelelewa akaleleka. "Nipe baraka zako, Ma," anasema, yaani mama, na vikongwe wanayeyuka. Halafu akishaipa mgongo ile safu ya miguu, anachomoa kichupa mfukoni, anajipaka spiriti yenye harufu ya ndimu na kusugua mpaka katikati ya vidole. Wenzangu hawakumwona maana walikuwa bado wanafuta machozi. Mimi sina machozi ya kutoa bure, kwa hiyo nilimwona.

Sisi ni wajane, tunakaa Nabadwip, mji wa mahekalu kando ya mto Ganga, katika nyumba aliyoijenga tajiri mmoja ili jina lake lisomeke mlangoni. Tunavaa nyeupe. Samaki hatuli, kitunguu na saumu hatuli. Asubuhi tunaimba jina la Krishna, mchana tunakula wali na dengu, jioni tunasengenyana. Mimi naitwa Labanga. Kitanda cha pili chumbani mwangu ni cha Bindubasini, na haya ni mambo yake zaidi kuliko yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anakufa.

Dawa yenyewe tuliletewa na msimamizi wetu, Gokul-babu, yaani Bwana Gokul kwa lugha yetu, mtu ambaye tumbo lake huingia chumbani kabla yake. Alitukusanya uani akasema kuna dawa mpya ya magoti inafanyiwa utafiti, na wakubwa wameona sisi "tunafaa sana". Alilisema hilo kama anayeuza ng'ombe wa maziwa. Ndipo Daktari Bagchi akaeleza kwa sauti ya asali: kapsuli asubuhi na kapsuli jioni mbele ya nesi wake, damu kidogo itatolewa, na kila asubuhi glasi ya maziwa. Hakuna anayelazimishwa, akasema, na mtu anaweza kuacha siku yoyote atakayo. Gokul-babu, aliyesimama nyuma yake, akatutolea macho ili hiyo sehemu ya mwisho isituingie masikioni.

Mimi walinipima wakanikataa kwa ajili ya kisukari. Ugonjwa huo umenichukua meno, umenichukua kidole cha mguu, lakini siku ile ulinilipa fadhila.

Bindu walimchukua, yeye na wengine sita, na alikubali haraka, wala si kwa sababu ya magoti. Bindu ana Gopali. Ni sanamu ya shaba, ndogo kama ngumi, Krishna angali mtoto anatambaa na donge la siagi mkononi. Wengi wetu tunao kina Gopali, lakini Bindu anamwogesha wake kwa maji ya uvuguvugu, anamvika sweta wakati wa baridi, anamlaza ndani ya chandarua. Hali kitu kabla Gopali hajaonja. Anakiweka mbele yake na jani la mrehani juu, anafumba macho, anangoja. Chakula kikishaonjwa hivyo kinakuwa prasadi, na prasadi haikataliwi, haitupwi, wala huli peke yako. Huyo ndiye mtoto aliyebaki naye. Yule mwingine, wa nyama na mifupa, alimshusha hapa stesheni na mfuko wake wa nguo, akamwambia, "Ngoja hapa nikanunue chai." Bado anainunua.

Kwa hiyo alipotokea mwanamume aliyenyolewa vizuri, mwenye uzi wa Kibrahmini, tabaka la makuhani, begani na saa ya dhahabu mkononi, akamshika miguu na kumwita Ma, Bindu angemeza hata misumari.

Mwezi wa kwanza magoti yalipungua maumivu, sikatai. Alipanda ngazi bila kushika ukuta, akanicheka nilivyochechemea. Kisha akaanza kutapika.

Sitawaficha, maana niliyesafisha ni mimi. Asubuhi alitapika vitu vya kijani kama maji ya dimbwi, jioni alitapika povu. Mkojo wake ukawa rangi ya chai iliyochemka ikasahauliwa jikoni. Ngozi ilimwasha akajikuna mpaka shuka ikawa na madoa, na miguu ikamvimba hata ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Siku moja nilimgeuzia uso dirishani nikaona weupe wa macho yake haupo tena. Yamekuwa manjano, manjano kabisa, kama mtu aliyepakwa bizari siku ya harusi yake.

"Dada Bindu," nikamwambia, "acha hiyo dawa."

"Daktari kasema ni joto."

"Joto gani la kupaka watu rangi?"

"Kasema mwili unazoea."

"Na ukishazoea kufa?"

Akacheka kidogo, akashika tumbo. "Labanga, wewe una wivu. Walikukataa."

"Ninao. Natamani na mimi nitapike kwenye ndoo hii tubadilishane zamu."

"Ananiita Ma," akasema taratibu, akitazama ukutani. "Kila akija ananiita Ma. Nikiacha, atakuja kwangu kufanya nini?"

Nikabeba ndoo nikaenda kuimwaga.

Nilimwendea daktari mwenyewe. Nilimkuta barazani, anakunywa chai aliyokuja nayo kwenye chupa yake, maana chai yetu hakuwahi kuinywa.

"Mwanangu," nikasema, "Bindubasini amekuwa manjano."

"Ndiyo, Mashi, nimemwona." Mimi aliniita Mashi, mama mdogo, kwa kuwa sikuwa na faida kwake. "Ni umri tu. Na hizi dengu zenu zina mafuta mengi."

"Mafuta? Katika nyumba hii? Mafuta tunayasikia kwenye redio."

"Mashi, muda uliobaki ni mdogo. Akiacha sasa, kazi yote ya watu inaingia dosari. Hii dawa itasaidia mamilioni ya kina mama."

"Na huyu mmoja?"

Akatabasamu lile tabasamu lake la kunyolewa vizuri, akaniwekea mkono begani. "Nitampa kitu cha kutuliza kichefuchefu." Nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia kile kichupa cha spiriti kikifunguliwa.

Gokul-babu naye alinisubiri kwenye ngazi. "We bibi kizee, ukimharibia daktari kazi, utalala ngazi za mtoni na mbwa."

"Mbwa wana adabu, hawatapiki kijani," nikamjibu, nikapita.

Basi nikatumia njia nyingine. Nilikuwa nimemsikia muuza dawa wa sokoni akigombana na mteja Mjaini, wa ile dini ya watu wasiokula hata kiazi kwa sababu kimetoka ardhini. Mjaini alikuwa anapiga meza akisema ganda la kapsuli hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa, akataka aonyeshwe nukta ya kijani, ile inayowekwa kwenye kila pakiti kuonyesha kwamba ndani hamna mnyama. Muuza dawa hakuwa nayo ya kuonyesha. Nikarudi nyumbani mbio kadiri miguu yangu inavyoruhusu.

"Dada," nikamwambia Bindu, "unajua lile ganda la kapsuli yako limetoka wapi?"

"Kiwandani."

"Na kabla ya kiwandani lilikuwa linakula majani. Lilikuwa na mkia."

Alinitazama. Nikaweka vidole viwili juu ya kichwa changu, kama pembe.

Sijapata kuona mtu mgonjwa akienda chooni haraka hivyo. Alitia kidole kooni, akatapika hata kilichokuwa hakipo, akarudi akilia kwamba tangu Sikukuu ya Taa amekuwa anakula mama ng'ombe, asubuhi na jioni, na maziwa juu yake. Hakuna wa kumtuliza. Akataka atakaswe siku hiyohiyo. Kuhani wa hekalu la nyuma akaja na vitu vitano vya ng'ombe vinavyoondoa uchafu wa aina hiyo: maziwa, mtindi, samli, mkojo na mavi. Mimi ndiye niliyeshika bakuli akikoroga. Mimi ni muumini, lakini pua yangu si muumini. Nilitazama dari, nikahesabu mijusi. Bindu alikunywa mpaka tone la mwisho, akalamba na kidole, akasema anajisikia safi.

"Safi kabisa," nikasema huku nimeziba pua. "Nakaa mbali kidogo usije ukanitakasa na mimi."

Lakini kapsuli aliacha! Siku ya kwanza akaacha, siku ya pili akaacha, na siku ya tatu akala wali ukabaki tumboni. Niliimba asubuhi ile kwa sauti mpaka wenzangu wakaniambia ninyamaze.

Daktari alipopata habari hakuja na hasira. Afadhali angekuja na hasira. Alikuja na chupa mpya, akapiga magoti mbele ya kitanda cha Bindu, akashika miguu yake iliyovimba.

"Ma, umenivunja moyo. Mimi mwana wa Brahmini, nikulishe ng'ombe? Tazama." Akageuza chupa. Palikuwa na karatasi ndogo imebandikwa, yenye mraba wa kijani na nukta ya kijani ndani yake. "Hii ya sasa ni ya majani matupu. Nimekuagizia wewe peke yako. Ni safi kiasi kwamba hata Gopali wako angeionja."

"Hata Gopali?" Bindu akauliza, uso umemng'aa kwenye ule umanjano wake.

"Hata Gopali, Ma."

Akatoka, akaiacha chupa kwetu, Bindu akiwa ameshamwamini tena. Mimi nikaivuta. Kapsuli ni zilezile, nyekundu na nyeupe, na ule mstari wake uleule katikati. Ile karatasi ya kijani ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na pembeni yake pamebaki nusu ya picha ya ngano. Ni biskuti! Alikata nukta kwenye pakiti ya biskuti zake za chai akambandikia mtu anayekufa.

"Bindu, hii imetoka kwenye biskuti. Tazama ngano."

"Ngano ni nafaka. Si kasema ni ya majani?"

"Dada, huyu mtu anakuua."

"Na wewe unataka nini, Labanga? Niishi nikutazame wewe?"

Aliniuma. Nililala nimeelekea ukuta. Lakini ukuta wetu una mchwa, mtu hawezi kuutazama kwa muda mrefu bila kufikiri, na nilipofikiri nikaona kwamba daktari mwenyewe amenifungulia mlango. Nikageuka.

"Dada Bindu. Hii kapsuli unaimeza kabla Gopali hajaonja?"

"Nilikuwa naimeza mbele ya nesi. Hakuna nafasi."

"Sasa je? Daktari kasema hata Gopali angeionja. Si umwonjeshe basi. Na ikishakuwa prasadi, utakula peke yako kama mchoyo? Mgawie kwanza huyo mwanao daktari. Atafurahi."

Nilimwona akitabasamu gizani. Bindu si mjinga. Ila alikuwa na mapenzi, na mapenzi yana ukungu wake.

Siku ambayo daktari alikuwa aje kutoa damu, Bindu aliamka mapema, akaoga, akamwogesha Gopali, akawasha ubani. Alikuwa ametuma anunuliwe sandesh, kile kitamutamu cha maziwa yaliyogandishwa. Akafungua kapsuli, unga ukamwagika juu ya sandesh, mweupe kama chokaa, akaukanda kwa vidole, akaukata vipande, juu akaweka majani ya mrehani. Akaiweka sahani mbele ya sanamu, akafumba macho. Wajane wote wa chini walikuja, kwa kuwa palipo na sandesh hatuhitaji kuitwa. Wale wengine sita waliokuwa kwenye dawa walikaa mbele, na wawili wao wameshaanza kuwa na rangi ya Bindu.

Daktari akaingia na nesi wake na ile ndoo nyekundu ya kutupia pamba na glavu. Akagusa miguu, Ma, Ma, Ma, akafika kwa Bindu.

"Leo umependeza, Ma."

"Fungua mkono, baba," Bindu akasema.

Akafungua, kulia juu ya kushoto, kama inavyotakiwa. Bindu akamwekea kipande kikubwa kuliko vyote. Daktari akakipeleka kwenye paji la uso, akakitia mdomoni, akatafuna.

"Gopali ameionja ile dawa yako," Bindu akamwambia kwa furaha. "Ulisema ni safi. Nimeichanganya humo."

Taya za daktari zikasimama.

Watu husema uso hubadilika. Wa kwake ulifunguka kama mfuniko wa chungu cha mchuzi uliolala siku nyingi, nikaona vilivyomo. Akakohoa kikohozi cha uongo, akageuka, akatoa leso, akatema. Akatema tena. Akafuta ulimi, naam, ulimi, kwa kona ya leso, akaitupa leso na prasadi ndani ya ndoo nyekundu, juu ya pamba za damu za watu. Nesi akampa maji, akasukutua, akatema dirishani.

Ubani peke yake ndio ulioendelea na kazi yake.

"Umetema prasadi, baba?" Bindu akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kuambiwa ameona vibaya.

"Ma, mimi siumwi magoti. Dawa hainywewi na mtu asiyeumwa."

"Na Gopali anaumwa magoti?" nikadakia. "Anatambaa tangu dunia iumbwe, hajalalamika."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo.

"Mashi, hujui unachosema," daktari akanigeukia, jasho linamtoka puani. "Hii si peremende. Inaweza kugusa ini! Mtu mwenye afya hawezi tu kuimeza hivi hivi, bila..."

Neno lilikwishatoka na kukaa katikati yetu.

"Ini," Bindu akasema. Akatazama mikono yake, ile ngozi ya bizari, akaigeuza huku na huku. "Lako linaweza kuguswa. Langu je?"

"Ma, nisikilize..."

"Usiniite hivyo."

"Ma..."

"Nimekwambia usiniite hivyo! Aliyenipa jina hilo alinitupa stesheni, lakini hakunitemea."

Akainuka. Nikataka kumshika, akaniondoa mkono. Akaiendea ile ndoo, akainama kwa yale magoti yake yaliyopona, akatia mkono mtupu ndani ya pamba zenye damu na glavu zilizojikunja, akatafuta mpaka akaipata leso. Akaifungua. Kile kipande kilikuwa kimetafunwa nusu, kimelowa mate, na jani la mrehani limekwama juu yake. Nesi akageuza uso. Bindu akakiweka kwenye kiganja chake kama anayebeba kifaranga kilichoanguka.

"Hiki kitakwenda Ganga," akasema. "Labanga, chupa ipeleke chooni. Mto umebeba mengi, hiyo usibebe."

Gokul-babu alikwishafika, tumbo kwanza. "Nani anatupa dawa? Hiyo ni mali ya watu! Atakayetupa leo hii anatoka nyumba hii!"

Mimi nikapita na chupa yangu. Nilipofika mlango wa choo nikasikia kandambili nyuma yangu. Alikuwa Shoilobala, kipofu wa jicho moja, ameshika chupa yake. Nyuma yake Menoka. Nyuma ya Menoka wengine, mmoja anashikilia ukuta, mmoja anashikwa kiuno. Hakuna aliyehutubia. Tulipanga foleni kama tunavyopanga siku nyingine yoyote, tukamwaga kapsuli kwenye lile shimo ambalo Gokul-babu ameahidi kulisafisha tangu nije. Zilielea, nyekundu na nyeupe, juu ya vitu ambavyo sitavitaja.

"Mwite mtu azitoe," daktari akamwambia Gokul-babu, sauti imemkauka.

"Zitoe wewe," Menoka akamwambia, na kumpa kopo la kuchambia.

Bindu alirudi kutoka mtoni akitembea kama mlevi. Nilimpakia bajaji ya umeme kwenda hospitali ya serikali, na Gokul-babu tulimlazimisha aje, maana Shoilobala alisimama mbele ya bajaji akasema atapiga kelele mpaka waandishi wa habari watoke Kolkata. Njiani Bindu alitapika mara moja, yote kwenye mapaja ya Gokul-babu. Ningeweza kumgeuza kichwa upande wa pili. Sikumgeuza.

Hospitalini tulimpata daktari wa kike, kijana, nywele zimemtimka, hana subira na mtu. Hakugusa miguu ya yeyote. Alimfungua Bindu macho kwa vidole gumba, akambonyeza ubavu wa kulia hadi akapiga ukelele, akasema kwa ukali, "Mmekaa naye nyumbani hivi mnangoja nini, mazishi?" Akasema ini limeumia vibaya, lakini likiachwa lipumzike, bila kidonge chochote, kuna matumaini. Akachukua kalamu.

"Bibi, ulikuwa unakunywa nini?"

Bindu akamweleza rangi ya kapsuli, na kwamba alimeza asubuhi na jioni.

"Nani alikupa?"

Kabla hajajibu, Gokul-babu, shati limelowa, akajipenyeza karibu na kitanda akaanza kumkonyeza, akamnong'oneza, "Sema ni ya mitishamba. Yule ni kama mwanao, utamfunga jela mwanao?" Mimi nilishika ukingo wa kitanda. Nilijua kama angeficha jina, kesho chupa mpya zingerudi nyumbani na nukta za biskuti nyingine.

Bindu alimtazama Gokul-babu kwa yale macho yake ya manjano, akamtazama sana, mpaka yeye akatazama chini kwenye matapishi.

"Si mwanangu," akasema. "Andika. Animesh Bagchi. Anakuja Jumanne na Ijumaa, na wako sita wengine kama mimi. Wafuate."

Daktari wa kike akaandika. Mimi nikatoka nje, nikatema mate kwenye mfereji, nikarudi ndani kumfuta mdomo.